Elimu ya Nyota Chuoni Si Kuangalia Juu Tu

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi anayesomea historia au biashara hapewi shahada yake mpaka awe amesoma pia masomo machache ya sayansi. Wengi huchagua falaki ya mwanzo, yaani elimu ya jua, mwezi, sayari na nyota. Huichagua kwa kudhani kuwa ni somo jepesi: kukaa nje usiku, kuhesabu nyota, kisha kupewa alama. Majuma machache baadaye baadhi yao huanza kufikiria kuliacha.

Yafaa basi vijana wanaokwenda vyuoni, na wazazi wanaowalipia karo, waelewe mapema somo hili ni la namna gani.

Si uaguzi

Katika Kiswahili neno mnajimu hubeba watu wawili: yule apimaye mwendo wa nyota, na yule adaiye kusoma bahati ya mtu kwa nyota. Chuoni hufundishwa elimu ya yule wa kwanza tu. Mwanafunzi atajua kwa nini mwezi huandama kila baada ya siku 29 au 30, wala hataambiwa siku njema ya kuoa au ya kusafiri.

Hesabu zimo

Hesabu zimo, lakini si za kutisha. Kwa mfano, jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi kutoka duniani, na mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Hesabu ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili hupatikana sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Kwa hiyo jua tunaloliona ni lile lilivyokuwa dakika nane zilizopita. Mtoto wa darasa la saba aweza kugawanya hivyo. Kinachowashinda wengi si kugawanya, bali ni subira mbele ya sifuri nyingi, na bidii ya kufanya zoezi kila juma badala ya kungoja mtihani.

Kusahihisha tunayodhani tunayajua

Mwaka 1987 ilitolewa filamu ya elimu iitwayo A Private Universe. Ndani yake wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwa katika majoho ya mahafali, waliulizwa sababu ya majira ya joto na ya baridi. Wengi walijibu kwa kujiamini kwamba wakati wa joto dunia huwa karibu zaidi na jua. Jibu hilo si kweli. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati ambapo kwao ni baridi kali. Sababu ya majira ni kwamba dunia imeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, upande ulioelekea jua hupata mchana mrefu na jua la juu, na upande wa pili hupata mchana mfupi na jua la mshazari.

Kosa kama hilo lapatikana hata majumbani. Baba aliyesoma zamani alifundishwa kwamba sayari ni 9. Mwanawe leo asema ni 8. Mtoto hakukosea. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ulipokutana Prague, uliamua kwamba Pluto ihesabiwe miongoni mwa sayari kibete. Mzazi asimkaripie mtoto kwa jibu lililo sahihi.

Faida kwa askari wa lindo

Anayeishi karibu na ikweta ana bahati, kwani kwa mwaka mzima huweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini. Askari aliye lindoni na azitazame zile nyota tatu za mshipi wa Orioni, zilizojipanga mstari mmoja, ambazo huonekana vyema jioni za Januari. Huchomoza karibu sawasawa mashariki na kuzama karibu sawasawa magharibi, mtu awe Gulu au awe London. Betri ya simu ikiisha porini, dira hiyo haizimiki ila kwa mawingu.

Wazee nao walikuwa na elimu yao. Walisema: kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Kila mwaka ifikapo Mei, jua huwa upande ule ule wa mbingu kilipo kilimia, nacho hupotea machoni kwa majuma kadhaa. Mwezi Juni huonekana tena alfajiri. Wazee hawakuwa na darubini. Walitazama mwaka baada ya mwaka, wakakumbuka. Kazi ya mwanafunzi ni ya namna hiyo hiyo: huchora umbo la mwezi kila jioni, huandika saa na mahali, kisha hutafuta sababu.

Jambo moja lisisahauliwe na familia. Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, likafunikwa lote huko Pakwach, Uganda, giza lile halikufika nusu dakika. Kabla na baada ya hapo jua laweza kuharibu macho. Miwani ya kawaida haitoshi, na watoto wasiachwe peke yao.

Kujipima kabla ya kulipa

Tangu mwaka 2016 kiko kitabu cha kiada kiitwacho Astronomy, kilichotolewa na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice. Husomwa bila malipo kwa simu au kompyuta. Ni cha Kiingereza, nacho kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wasio wa sayansi. Kijana na asome sura moja kila juma kwa mwezi mmoja, ajibu maswali ya mwisho wa sura, na kila usiku atoke nje kwa dakika kumi. Akifika sura ya nne akiwa bado ana hamu, somo linamfaa. Akichoka mapema, atakuwa amejijua kabla karo ya nyumbani haijatumika.