Kurudia Elimu ya Viumbe Chini ya Mlima Meru

Mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne hufanywa kwa desturi mwezi wa Novemba, na nyumba nyingi za Arusha huanza kubadilika miezi miwili kabla yake. Taa huwaka mpaka usiku mkubwa, na baada ya sala ya alfajiri husikika kijana akikariri daftari lake la bayolojia kama akaririvyo juzuu.

Twapenda kusema neno juu ya kukariri huko. Kuhifadhi Kurani kuna adabu yake, wala herufi haiongezwi wala haipunguzwi. Bayolojia si hivyo. Mtahini humpa kijana jambo asilopata kuliona, amtake alieleze, na aliyehifadhi bila ya kufahamu hukwama papo hapo. Tena somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, hali wengi wa watoto wetu walisoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Basi hujaza vichwa maneno wasiyoyajua maana. Sisi twaona yafaa mtoto alieleze somo kwanza kwa Kiswahili mbele ya mama yake, hata kama mama hakusoma, kisha alirudie kwa Kiingereza. Mama asipofahamu, mtoto naye hajafahamu.

Na aanzie jikoni. Achukue kipande cha ndizi mbichi na kipande cha ndizi mbivu, avidondoshee iodini iliyozimuliwa kwa maji. Ile mbichi itageuka rangi ya samawati iliyokoza hata kuwa nyeusi, ndiyo dalili ya wanga. Ile iliyoiva sana haitabadilika ila kidogo. Wanga umekwenda wapi? Vimeng'enya vya ndizi yenyewe vimeuvunja ukawa sukari, ndiyo sababu ya utamu wake. Mate yetu nayo hufanya kazi hiyo hiyo: atafune ndizi iliyopikwa kwa muda mrefu asimeze, ataonja utamu ukitokea. (Vile vipande vya iodini vitupwe, visiliwe na mtoto mdogo.) Kisha aulizwe wanga ule ulitoka wapi mwanzo, naye atoke uani autazame mgomba: jani limetwaa nuru ya jua, maji ya mizizini na hewa ya kaboni, likatengeneza chakula. Hapo amekwisha rudia lishe, vimeng'enya na usanisinuru kwa mkungu mmoja.

Mlima wenyewe una mengi, nasi twayapita upesi. Kileleni, mita 4,566 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni karibu sehemu sita katika kumi ya ile ya pwani, na mtu akikaa juu mwili wake huzidisha chembe nyekundu za damu. Msituni yumo mbega, asiye na kidole gumba cha kufaa, mwenye tumbo la vyumba ambamo bakteria humsaidia kuchachusha majani. Katika maziwa ya magadi ya Momella wako heroe, ambao weupe wao hugeuka uwaridi kwa rangi itokayo katika vijimea na vidudu wanavyokula. Akiweza kueleza hayo matatu, mambo ya upumuaji, umeng'enyaji na mfuatano wa chakula hayatamtisha.

Lakini liko moja twataka kulikalia, maana lagusa nyuso za watoto wetu. Vijana wengi wa upande wa Meru wana meno yenye madoa ya kahawia, na wako mabinti wafunikao mdomo kwa mtandio wanapocheka. Huambiwa hawapigi mswaki, au kwamba ni urithi wa ukoo. Yote mawili si kweli. Miamba ya volkano hutia floridi nyingi majini, na mtoto ayanywapo maji hayo katika miaka ya meno kujijenga ndani ya ufizi, enameli hutoka na kasoro. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima kadhaa vya pande hizi huzidi hapo mbali. Wengine hudhani ni rangi ya maji, lakini floridi haina rangi wala ladha.

Hapa ndipo somo la urithi linapofahamika. Wazazi wa Meru wenye meno ya kahawia wakihamia Tanga kwenye maji yenye floridi kidogo, mtoto watakayemzaa huko atatoka na meno meupe, kwa kuwa doa halimo katika jeni. Swali la namna hii mtahini hulipenda sana.

Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Mvuke ukiondoka, iliyobaki huwa imezidi kukolea. Mtoto mdogo na apewe maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, kisha yakachemshwa. Njia nyingine ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa utafiti huko Ngurdoto. Najua—tumekwisha ulizwa—ni mifupa ya mnyama gani: ni ya ng'ombe, huchomwa kwa moto mkali. Mkaa huo huchoka baada ya muda, nao lazima ubadilishwe.