Kila Kitabu na Swali Lake

Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima vya Kiriba na vijiji vya jirani. Kiongozi wa kikundi asome kwanza maswali yaliyo mwisho wa somo hili, ndipo kikundi kianze kusikiliza.

Natumaini karani wa kila kikundi ana kalamu mkononi, na redio imewekwa mahali ambapo hata aliye nyuma aweza kusikia.

Somo la leo ni juu ya vitabu: namna zake, na jinsi ya kuvizungumza baada ya kuvisoma. Huenda mmoja wenu anauliza, "Sisi tumekwisha jua kusoma. Kuna somo gani tena?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Mkoa wetu wa Mara una historia katika jambo hili. Mwaka 1968 ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya Ziwa, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera, iliyochaguliwa kujaribu elimu ya watu wazima kwa msaada wa UNESCO. Wazee wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi za mikono yao, kama vile kilimo cha pamba, uvuvi na ufugaji. Mwezi wa Novemba 1974, mjini Musoma, likatolewa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Walakini walimu wa watu wazima waligundua upesi kwamba mtu aliyejifunza kusoma, kisha akakosa cha kusoma, husahau. Jembe lisilolima hushika kutu. Ndiyo maana mwaka huo huo wa 1974 gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lilianza kutolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya.

Basi, kujua kusoma ni mwanzo tu. Linalofuata ni kujua usome nini, na ukiuliza kitabu swali gani kitakujibu. Mtu haendi kwa fundi seremala kumwuliza dawa ya homa. Kadhalika na vitabu: kila namna ya kitabu ina swali lake. Ukikosea swali, utasema kitabu ni kibaya, kumbe wewe ndiwe uliyekiuliza jambo lisilo lake.

Tuanze na vitabu vya maarifa. Hivi ni vile vinavyofundisha kilimo, uvuvi, afya, sheria na mengineyo. Swali lake ni hili: Je, jambo hili ni kweli, na ni kweli hata leo? Kwanza tazama mwaka kilipopigwa chapa. Tuseme kikundi kimepata kitabu cha zamani juu ya uvuvi katika Ziwa Victoria. Kitabu kinasema habari nyingi za furu, na habari za sangara hazimo kabisa. Msikitupe mkidai mwandishi ni mwongo. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea, na furu wa namna nyingi wamepungua sana. Kitabu kile kilisema kweli ya siku zake. Wazee wanaokumbuka ziwa la zamani na waeleze, vijana waandike tofauti. Kwa njia hiyo hata kitabu kilichopitwa na wakati kitawapa maarifa.

Namna ya pili ni hadithi ndefu, ambazo watu huziita riwaya. Hapa nataka tukae kidogo, maana wengi hudharau riwaya wakisema ni maneno ya kubuni tu. Ni kweli, ni ya kubuni. Swali lake basi si kama jambo lilitokea au halikutokea. Swali lake ni: Je, watu wa namna hii wapo, na lau ningekuwa mimi ningefanyaje?

Chukueni mfano wa jirani zetu wa Ukerewe, ng'ambo ya kivuko cha Kisorya. Mzee Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka. Alimaliza kuiandika mwaka 1945. Hakupata mtu wa kuipiga chapa kwa lugha ile, naye mwenyewe akaifasiri kwa Kiswahili. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1980, na Mzee Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Miaka thelathini na mitano kitabu kilingoja, na mwenye kukiandika hakukishika mkononi.

Ni habari gani iliyomo? Ni ya mume na mke waliokosa mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke vibaya, hata wazazi wake wanakuja kumchukua. Lakini mume hataki mke mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, anatimiza anayoambiwa, na wote wawili wanatafuta tiba pamoja, mpaka wanawapata Ntulanalwo na Bulihwali.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Katika vijiji vyetu mke asiyezaa huonyeshwa kidole, na mara nyingi mume hapimwi wala haulizwi. Ni nani awezaye kusimama mkutanoni na kulisema jambo hilo bila kumwumiza jirani aliyekaa pale? Ni vigumu. Walakini kikundi kikimsoma Bugonoka, kila mtu aweza kusema. Mwanamke ataeleza uchungu wa Bugonoka, na wote watajua anaeleza uchungu wa nani, wala hapana atakayeaibika. Mwanamume atasema, "Myombekere alifanya vema kumfuata mkewe," na huenda kesho akalikumbuka neno lake mwenyewe. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi: hutupa mtu wa kumzungumza ambaye si jirani yetu, ili tupate kuyasema yanayotuhusu.

Mfano wa pili watoka Ukerewe vilevile. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alitoa riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971. Ni habari ya msichana mwenye baba mkali kupita kiasi. Baba anamzuia asiwe na mazungumzo na mvulana yeyote. Msichana anapofika shuleni mbali na nyumbani, hajui kujilinda, na maisha yake yanaharibika. Kitabu kilileta ubishi mkubwa, na kwa muda kilikatazwa mashuleni, kwa kuwa kilisema waziwazi mambo ambayo wazazi huyanyamazia. Ninyi wazazi mnaopeleka mabinti kusoma mbali na nyumbani, swali lenu li tayari: Kosa ni la nani? La baba, la binti, la mama aliyenyamaza, au la wanaume waliomdanganya? Msitafute jibu moja la kikundi kizima. Kila asemaye na aonyeshe ni tendo gani kitabuni linalomfanya aseme hivyo.

Namna ya tatu ni hadithi ya upelelezi. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alimtungia msomaji mpelelezi wake, Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960. Swali lake ni: Nimejuaje ninayodhani ninajua? Someni mpaka katikati, kisha mfunge kitabu. Kila mtu na amtaje amdhaniaye ni mwuaji, na sababu yake. Mtaona jinsi tulivyo wepesi kumshuku mtu kwa sura au kwa uvumi. Kwa watu wa mkoa ambao wazee wamewahi kushukiwa uchawi kwa macho mekundu tu, hili si somo dogo.

Namna ya nne ni mchezo wa kuigiza. Mchezo haukuandikwa usomwe kimya, bali usemwe na kutendwa. Gawaneni majina, kila mmoja asome sehemu yake kwa sauti. Hapa tuna jambo la kujivunia. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alifasiri mchezo wa Mwingereza Shakespeare juu ya Julius Caesar. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, naye akaitengeneza upya ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo wa 1969 akatoa pia Mabepari wa Venisi. Alifanya kazi hiyo huku anaongoza nchi, ili kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mawazo makubwa.

Katika Juliasi Kaizari iko sehemu ambayo kila kikundi kingefaa kuisoma. Kaizari amekwisha uawa. Brutus, mmoja wa wauaji, anaueleza umati sababu zake, na watu wanamshangilia. Kisha anasimama Mark Antony. Hawatukani wauaji, tena anawasifu kwa mdomo, lakini kidogo kidogo anaugeuza umati mpaka unatoka kwenda kuchoma nyumba. Swali la mchezo ni: Nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini? Watu wawili wasome hotuba hizo, wengine wawe umati. Kisha mjiulize ni wakati gani mioyo yenu iligeuka, na kwa neno gani. Mtu aliyeifanya kazi hiyo mara moja hatachukuliwa kirahisi na msemaji wa siku ya uchaguzi. Ebrahim Hussein naye, katika Kinjeketile cha mwaka 1969, ametuwekea jukwaani vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na swali gumu la kiongozi ambaye neno lake limekuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Namna ya tano ni mashairi. Shairi lisomwe mara mbili kwa sauti kabla ya mtu yeyote kulieleza. Mara ya kwanza sikilizeni vina na mizani, mara ya pili maana. Swali lake ni: Kwa nini limesemwa hivi, si vingine? Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, washairi wengi walikataa kwamba hayo ni mashairi. Nanyi mwaweza kubishana juu ya jambo hilo. Mwenye kujua nyimbo za kikwetu za kazi na ngoma atakuwa na mengi ya kusema.

Namna ya mwisho kwa leo ni habari za maisha ya watu. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyetoka katika umaskini mpaka sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Swali la wasifu ni: Mwandishi alimpenda au alimchukia huyu mtu, na ameacha kusema nini?

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1973 mamilioni ya Watanzania walikaa katika vikundi kama hiki chenu, wakasikiliza vipindi vya Mtu ni Afya, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Kilichowaondoa mahali pao kilikuwa redio pamoja na mazungumzo yaliyofuata. Tutumie njia ile ile.

Kitabu kimoja chatosha watu kumi. Asomaye vizuri asome kwa sauti, wengine wasikilize. Asiyejua kusoma asiachwe nje, kwani masikio yake ni mazima, na pengine ameona mengi kuliko msomaji. Chagueni wakati unaofaa wote. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, basi hizo ndizo siku za kukutana. Kiongozi asiwe wa kwanza kutoa maoni yake, la sivyo wengine watamwitikia tu. Akina mama na vijana wapewe nafasi kabla ya wazee kufunga mazungumzo, kwa maana mzee akisha sema, kwa heima yetu, ni vigumu mwingine kumpinga. Na mtu akisema jambo, aulizwe kwa upole, "Umeliona wapi kitabuni?"

Vitabu mtavipata wapi? Ulizeni Maktaba ya Mkoa mjini Musoma, na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nanyi. Kijana asomaye sekondari huenda anavyo viwili vitatu vya somo la fasihi. Mwombeni awasomee wakati wa likizo, naye atapata faida ya kusikia wazazi wake wanavyoviona.

Maswali ya kujadili baada ya kipindi:

1. Katika kikundi chetu kuna vitabu gani majumbani? Kila kimoja ni cha namna gani?
2. Ni jambo gani katika kijiji chetu ambalo ni vigumu kulisema mkutanoni? Ni namna gani ya kitabu ingetusaidia kulizungumza?
3. Tutaanza na kitabu gani, nani atakisoma, na tutakutana siku gani?

Karani aandike majibu ya swali la tatu kabla ya watu kutawanyika, na jina la msomaji liwe la kwanza katika orodha.