Siku ya tatu mpe jembe: Sayansi ya kukubalika ugenini Nakuru

Saa kumi na mbili asubuhi, katika ploti za Kaptembwo na Rhonda, mitungi ya lita 20 huwa imeshapanga foleni kwenye mfereji kabla ya wenyewe kutoka nje. Kila mtungi una alama yake: uzi mwekundu kwenye mkono, gunzi la mahindi badala ya kifuniko, herufi iliyopakwa rangi. Aliyehamia juzi hana alama. Inambidi asimame na mtungi wake, kwa sababu hajapata wa kumwambia "nishikie foleni." Anasalimia, anaitikiwa, kisha mazungumzo yanaendelea bila yeye. Akirudi chumbani na maji yake hujiambia kwamba watu wa hapa hawamtaki.

Mara nyingi anakosea. Kosa hilo watafiti wamelichunguza kwa miaka mingi, na waliyoyagundua yanafaa kujulikana sana katika mji kama huu wetu.

Nakuru imejengwa na watu waliotoka kwingine. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1900, na tangu hapo eneo hili halijaacha kupokea watu: vibarua wa mashamba ya walowezi, wafanyakazi wa reli, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, wastaafu wanaojenga Kiamunyi, na vijana kutoka Nyanza na Magharibi wanaoshuka Naivasha kufanya kazi kwenye mashamba ya maua na kupanga vyumba Karagita na Kamere. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapandishwa hadhi kuwa jiji la nne nchini. Muulize anayejiita mwenyeji babu yake alizikwa wapi. Mara nyingi atakutajia kaunti nyingine.

Upweke wa mgeni si deko. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Miaka 15 kabla ya hapo, Julianne Holt-Lunstad na wenzake nchini Marekani walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu 308,849. Waliona kwamba wenye mahusiano imara na watu wengine walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko waliotengana na watu. Daktari hukuuliza kuhusu chumvi na sigara. Ni nadra akuulize una nani wa kumgongea mlango usiku.

John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeuchunguza upweke kwa zaidi ya miaka 20 hadi alipofariki mwaka wa 2018, aliufananisha na njaa na kiu: ni mlio wa mwili unaokuambia urudi kwa watu. Babu zetu wa kale walioachwa nyuma na kundi hawakuishi muda mrefu, kwa hiyo ubongo ukajifunza kulichukulia jambo la kuwa peke yako kama hatari. Tatizo ni kwamba ukishaingia katika hali hiyo, unaanza kujilinda zaidi kuliko kutafuta watu. Usingizi hukatikakatika, kana kwamba unalala na jicho moja wazi. Uso usioonyesha lolote unausoma kama uso wa dharau. Ndivyo yule wa kwenye mfereji anavyorudi chumbani akiwa ameumia, na kesho yake anaamka saa kumi na moja ili achote maji kabla ya watu. Dawa aliyokuwa akiihitaji ameikimbia mwenyewe.

Maumivu hayo ni ya kweli. Mwaka wa 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawachezesha mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Baada ya muda mfupi wachezaji wengine wakaacha kumrushia mhusika. Sehemu ya ubongo iliyoamka ni ile inayohusika pia na adha ya maumivu ya mwili. Mwaka uliofuata, jaribio jingine lilionyesha kwamba watu waliumia hata walipoambiwa wazi kuwa wanaowanyima mpira si watu bali ni kompyuta.

Utafiti huo hunijia kila ninapoona majirani wawili, katikati ya mazungumzo ya watu watatu, wakigeukia lugha ya mama na kucheka. Huenda wanazungumzia bei ya makaa. Lakini wa tatu amenyimwa mpira, na ubongo wake hautasubiri maelezo. Sisi tuna Kiswahili, lugha ambayo wote watatu plotini wanaijua. Kuendelea nayo mgeni anapokuwepo ni huduma ya afya isiyogharimu senti, na sidhani natia chumvi.

Sasa turudi kwenye kosa lile la mgeni wa kwenye mfereji. Mwaka wa 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaokutana kwa mara ya kwanza. Baada ya mazungumzo, kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hakumpenda sana, ilhali mwenzake alikuwa amependezwa naye kuliko alivyodhani. Walipowafuatilia wanafunzi wanaolala bweni moja, dhana hiyo potofu ilidumu kwa miezi mingi. Kwa hiyo unaposhuku kwamba majirani wamekuchoka, shuku pia hiyo shaka yako.

Je, inachukua muda gani kuzoeana? Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas aliwauliza watu waliokuwa wamehamia mji mpya ndani ya miezi sita iliyopita. Makadirio yake ni kwamba inachukua takriban saa 50 za kuwa pamoja kwa mtu wa kujuana tu kuwa rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kuwa rafiki wa kufa kuzikana. Saa za kazi peke yake hazikuhesabika sana. Zilizojenga urafiki zilikuwa za mapumziko, utani na mazungumzo. Piga hesabu kwa maisha yetu. Robo saa kwenye mfereji kila asubuhi itahitaji siku 200 kufikisha saa 50. Chama kinachokutana Jumapili kwa saa tatu, chai na umbea vikiwemo, kitafika huko kwa Jumapili 17, yaani miezi minne. Kwaya, timu ya mtaa na jumuiya ndogondogo hufanya kazi hiyo hiyo. Aliyehamia mwezi uliopita na bado hana rafiki hajashindwa. Saa zake hazijatimia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumfukuza mgeni kwa adabu, nami nafikiri tumeipunja. Mwenye kupewa jembe ameingizwa shambani. Kuanzia siku hiyo ana sehemu yake katika mavuno na katika lawama. Sayansi inaelekea huko huko: mwaka wa 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza hali zinazopunguza chuki kati ya makundi: watu wakutane wakiwa sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wakubwa wao waunge mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipokusanya tafiti 515 mwaka wa 2006, waliona kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki, na hupunguza zaidi pale hali hizo zinapokuwepo.

Hapa Bonde la Ufa jambo hili lina uzito ambao hauwezi kurukwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuka kambi. Tangu wakati huo swali "wewe umetoka wapi?" linaweza kumkausha mtu mate, hata likiulizwa kwa nia njema. Lakini miaka hiyo hiyo ilizaa mfano mwingine. Waliokosa pa kurudi walijiunga katika vikundi, wakaunganisha vijisenti vya msaada walivyopewa, wakanunua ardhi pamoja. Vikundi vya Vumilia Eldoret na Jikaze vilianzia maisha upya Maai Mahiu, ugenini, kwa jembe la pamoja. Badala ya kumwuliza mgeni ametoka wapi, mwulize anaendeleaje na kazi, watoto wanasoma wapi. Asili yake atakuambia mwenyewe siku atakayokuamini.

Kuna nyakati ujirani hautoshi. Huzuni ikikaa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikapotea, au mtu akaanza kusema heri afe, hiyo ni shughuli ya kituo cha afya, na isingojewe. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea mitaani wanaweza kuelekeza, na laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, hupokea wanaohitaji ushauri nasaha.

Na wewe uliyetangulia kufika: kama kuna mlango uliofunguliwa mwezi huu plotini mwenu, gonga leo. Mwambie maji hukatika siku gani, mwonyeshe pa kuanika nguo, mpe kazi katika mchango wa mazishi unaofuata, na kesho asubuhi umshikie foleni.