TARAKILISHI YA KUHARIRI PICHA: USIDANGANYIKE NA JINA

Usione vyaelea, vimeundwa. Ile video ya harusi tunayoitazama Likoni, Kisauni au Changamwe imekatwa, ikaungwa, ikatiwa rangi na muziki ndani ya tarakilishi. Wengi wetu tunaitamani kazi hiyo baada ya Kidato cha Nne, na zipo shule zinazopeleka filamu kwenye Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Je, tarakilishi gani ya mezani itaifaa kazi hii?

Kwanza tutenganishe picha na video. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina nukta milioni 24. Ukiifungua hukaa kwenye kumbukumbu ya kazi, ile mafundi huiita RAM. Kwa hivyo picha hudai RAM ya kutosha. Video nayo ni picha zinazofuatana. Zikiwa 25 kwa sekunde, saa moja tu ni picha 90,000! Ikiwa ya 4K, kila mojawapo ina nukta zaidi ya milioni 8, mara nne ya HD kamili. Hapo bongo la tarakilishi, yaani prosesa, hutoka jasho.

Sasa tulinganishe. Tarakilishi nyingi tununuazo ni za mtumba. Tuseme dukani kuna mbili: ya kwanza ina prosesa ya Core i7-2600 ya mwaka 2011, ya pili Core i5-8500 ya mwaka 2018. Muuzaji atakwambia, "Chukua i7, ndiyo kubwa!" Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hiyo i7 ina viini 4 na i5 ina 6, tena kila kiini cha i5 ni chepesi zaidi. Isitoshe, i5 hiyo ina sehemu maalumu ya kufungua video za HEVC, ambazo simu nyingi za leo hurekodi. Ile ya 2011 haina, basi video hukwamakwama ukiicheza. Na kuna jambo jingine: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya zamani kama hiyo.

Utajuaje umri wake? Tazama namba baada ya kistari. 2600 ni kizazi cha 2. 8500 ni kizazi cha 8. Namba hiyo ndiyo ya kuuliza, si i7 wala i5 peke yake.

Hata hivyo tusiidharau ya kwanza. Kwa picha pekee, ukiitia RAM ya GB 16 na diski ya SSD, itakufaa. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, hali SSD ya kawaida hufika 500. Lakini tuelewane: SSD huharakisha kufungua na kunakili. Ule muda mrefu wa kutoa video iliyokamilika hupunguzwa na prosesa na kadi ya picha.

Ushauri wangu: usinunue kwa maneno. Beba video yako ya dakika 5 kwenye flashi, omba ihaririwe kwa programu ya bure kama Kdenlive, kisha pima kwa saa kila tarakilishi imechukua dakika ngapi. Muuzaji akikataa, wee jiendee zako.

Mwisho, tukumbuke hapa ni Pwani. Prosesa ikipata joto sana hupunguza mwendo wenyewe, kwa hivyo pangusa vumbi na uache hewa ipite. Tena tarakilishi ya mezani haina betri. Stima ikipotea, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda na maji. Hifadhi kila mara, na ukijaliwa, nunua UPS.

Wanafunzi wenzangu, pesa za kuanzia kazi hupatikana kwa taabu. Tusizitupe kwa kununua jina.