Ushahidi wa Athari za Bendi katika Utamaduni Pendwa: Jamhuri Jazz, Wanyika na Wasikilizaji wa Mashamba ya Mkonge ya Ngombezi

Utafiti wa athari za bendi katika utamaduni pendwa huhitaji ushahidi wa aina mbili ambao mara nyingi huchanganywa: ushahidi kwamba muziki ulikuwapo, na ushahidi kwamba uliwagusa waliousikiliza kiasi cha kubadili mwenendo wao. Makala hii inafafanua tofauti hiyo kwa kurejelea bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, bendi za Wanyika zilizotokana nayo, na wasikilizaji wa Ngombezi, Korogwe. Ngombezi ni eneo la mkonge. Katika mashamba ya mkoa huu waliishi manamba waliotoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, wakiwa na lugha nyingi za nyumbani na Kiswahili kama lugha ya kambini. Kwa watu wa namna hiyo wimbo wa dansi wa Kiswahili haukuwa burudani tu, na ndiyo maana dai la athari linastahili kuthibitishwa badala ya kukubaliwa kwa mazoea.

Kwanza, mfuatano wa matukio. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walipiga muziki Tanga katika Jamhuri Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 walihamia Arusha na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi, ambako jina la Simba Wanyika lilipata umaarufu. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga na kuunda Les Wanyika, bendi iliyojulikana Afrika Mashariki yote kwa wimbo "Sina Makosa". Kutokana na safari hiyo, waandishi wengine huziita bendi hizi za Kenya na wengine za Tanzania. Ubishi huo hauna tija kubwa kwa mtafiti. Lenye maana ni kwamba nyaraka zake zimegawanyika pande mbili za mpaka.

Mgawanyiko huo una sababu ya kiuchumi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, au ilisafiri hadi Nairobi kwa ajili ya biashara. Santuri ya Nairobi, ikiwa na namba na jina la kampuni, ni ushahidi mzuri kwamba wimbo ulirekodiwa na fulani. Haithibitishi kwamba ulichezwa Ngombezi. Maelezo ya jalada la toleo lililochapwa upya Ulaya yanahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa yaliandikwa kwa wakusanyaji wa santuri. Sentensi moja ya jalada hunukuliwa na gazeti, gazeti likanukuliwa na tasnifu, na tasnifu ikaonekana kuwa chanzo cha tatu, ilhali shahidi ni mmoja.

Mtafiti wa bendi ya roki ya Uingereza anazo orodha za mauzo ya kila wiki tangu 1952. Sisi hatuna kipimo hicho, na si busara kukiigiza kwa makadirio. Tulicho nacho ni magazeti kama Ngurumo na Uhuru, ambayo matangazo yake ya dansi yakipatikana hutoa tarehe, mji na ukumbi. Hata hivyo, tangazo ni ahadi. Gari huharibika, mvua hunyesha, na bendi huweza kutofika.

Mfano bora wa kufuata ni kazi ya Terence Ranger (1975) kuhusu beni. Hakuhesabu nyimbo. Alitazama walichofanya watu: vyama vya Marini na Arinoti, vyeo walivyopeana, sare walizovaa na namna desturi hiyo ilivyosambaa kutoka pwani kwenda bara. Naye Kelly Askew (2002), aliyefanya utafiti wake kwa kiasi kikubwa Tanga, alishiriki jukwaani na kuona uhusiano wa wanamuziki na hadhira. Athari huonekana kwa aliyeathiriwa. Basi huko Ngombezi mtafiti atafute vikundi vya vijana vilivyoiga mtindo wa bendi, magitaa yaliyotengenezwa kwa mikono, mishono ya nguo katika picha za familia, na kadi za salamu zilizotumwa redioni zikitaja jina la kambi.

Alama za maneno ni dhaifu kuliko zinavyodhaniwa. Maneno "sina makosa" yakikutwa kwenye bodi ya lori hayathibitishi chochote peke yake, kwa kuwa msemo huo ni wa kila siku na haukuanzishwa na wimbo.

Kuhusu usaili, tuseme mzee anasimulia kwamba walicheza "Sina Makosa" siku mashamba yalipotaifishwa. Utaifishaji wa mashamba makubwa ya mkonge ulifanyika 1967, zaidi ya miaka kumi kabla ya Les Wanyika kuwapo. Kama ushahidi wa tarehe, kauli hiyo haifai. Kama ushahidi wa athari, ina thamani kubwa, kwa sababu inaonyesha wimbo wenye nguvu ya kuvuta kumbukumbu za ujana na kuzikalia. Mtahini atakayeitupa nje kwa sababu ya tarehe pekee atakuwa amepoteza data. Mwanafunzi atakayeinukuu bila kuikagua atakuwa amepotosha historia. Njia ni kuitaja kauli ilivyo, kuweka tarehe iliyothibitishwa kando yake, na kueleza pengo.

Jambo la mwisho ni la utendaji. Watafiti wengi huanza usaili kwa kupiga wimbo ili kumchangamsha msailiwa. Kufanya hivyo ni kumwekea jibu mdomoni. Aulizwe kwanza alifanya kazi gani, kambi ipi, redio ilikuwa ya nani na jioni walikusanyika wapi. Aachwe ataje bendi mwenyewe, au asitaje. Santuri ipigwe baadaye, na daftari lionyeshe wazi kauli zipi zilitolewa kabla yake na zipi baada yake.