Kubofya 'Ruhusu' kwaweza kuwafungulia matapeli mlango

WATUMIAJI wengi wa intaneti hukutana na kijisanduku kinachochomoza juu ya ukurasa na kuuliza iwapo tovuti iruhusiwe kutuma arifa, kujua mahali walipo au kutumia kamera na kipaza sauti. Wengi hubofya 'Ruhusu' ili kijisanduku hicho kiondoke, nao wapate kusoma walichokitafuta.

Hata hivyo, mara nyingi jibu hilo haliishi pale ukurasa unapofungwa. Kivinjari hulihifadhi, na tovuti husika huendelea kuwa na ruhusa hiyo hadi mwenye kompyuta au simu atakapoiondoa, au kivinjari chenyewe kitakapoifuta baada ya tovuti kutotembelewa kwa muda mrefu.

Ruhusa ya arifa ni miongoni mwa zile zinazotumiwa vibaya. Kivinjari cha Chrome kilianza kuruhusu tovuti kutuma arifa mwaka 2015, ili msomaji apate habari mpya au ujumbe hata kama ukurasa haujafunguliwa. Matapeli nao wakaiona njia hiyo.

Tovuti ya ulaghai humtaka mtu abofye 'Ruhusu' kwa madai ya kuthibitisha kwamba yeye si roboti, au ili video ianze. Baadaye huanza kupokea ujumbe unaodai kwamba kompyuta yake imeingiwa na virusi, au kwamba ameshinda zawadi. Kwa kuwa ujumbe huo hutokea pembeni mwa kioo, hufanana na onyo la kompyuta yenyewe. Anayeufuata huweza kujikuta akilipia programu bandia au akitoa neno lake la siri la benki.

Wapo wanaojaribu kujinasua kwa kufuta historia ya kurasa walizotembelea. Hatua hiyo peke yake haitoshi, kwani ruhusa za tovuti huhifadhiwa mahali pengine.

Katika Chrome ya kompyuta, mtumiaji hubofya vitone vitatu vilivyo juu upande wa kulia, kisha huchagua 'Mipangilio', 'Faragha na usalama' na 'Mipangilio ya Tovuti'. Hapo hufungua sehemu ya arifa na kuona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Asiyoitambua huizuia au huiondoa. Kamera, kipaza sauti na mahali alipo mtumiaji navyo vina orodha zake.

Kwa upande wa Firefox, ruhusa hizo hupatikana ndani ya mipangilio, katika sehemu ya faragha na usalama. Aidha, mtumiaji anaweza kuzuia maombi yote mapya ya arifa kwa mara moja.

Watengenezaji wa vivinjari nao wamechukua hatua. Januari 2020, Firefox iliondoa kijisanduku cha arifa na kuweka alama ndogo kwenye sehemu ya anwani. Mwezi uliofuata, Chrome ilileta njia ya kunyamazisha maombi hayo.

Mwaka 2023, Chrome ya kompyuta iliondoa pia alama ya kufuli iliyokuwa kando ya anwani. Sababu ni kwamba watu wengi waliidhania kuwa uthibitisho wa uaminifu wa tovuti, ilhali ilionyesha tu kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamefichwa yasisomwe na wengine. Tovuti ya tapeli nayo yaweza kuwa na ulinzi huo.

Si kila ombi ni la kukataliwa. Mkutano wa video hauwezi kufanyika bila kamera na kipaza sauti, na ramani haiwezi kumwonyesha msafiri njia bila kujua alipo. Jambo la msingi ni kujiuliza iwapo tovuti inahitaji kweli kile inachokiomba. Pale kivinjari kinapotoa nafasi ya kuruhusu kwa mara hiyo tu, ni salama zaidi kuchagua hiyo.