Tumaini la Wazazi na Njia ya Mtoto

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili apate karo ana haki ya kutumaini. Walakini tumaini la mzazi huweza kumsukuma mtoto mbele, na huweza pia kumlemea. Yafaa jambo hili lifahamike vema.

Tangu mwaka 1985 mpaka 2023, watoto wa Kenya walimaliza darasa la nane kwa mtihani wa KCPE. Alama za mtihani huo ndizo zilizokuwa kipimo kikubwa cha kumpatia mtoto nafasi katika shule ya sekondari. Kwa hiyo wazazi wengi walizoea kumpima mtoto kwa alama peke yake, na kuzihesabu kazi chache tu kuwa za heshima, kama vile udaktari, uhandisi na uanasheria.

Sasa mpango umebadilika. Mwezi wa Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mpango mpya waliingia Gredi ya 10. Kabla ya kufika huko, mwanafunzi hutakiwa kuchagua njia moja katika tatu. Ya kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Ya pili ni Sayansi ya Jamii. Ya tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwenye kuchagua ni mtoto wa miaka 14 au 15, naye mara nyingi hutazama kwanza uso wa baba yake.

Tena jambo hili haliishii darasani. Kijana aambiwaye kila siku kwamba michezo ni kupoteza wakati hukosa marafiki, au huwatafuta kwa siri. Msichana naye hutakiwa apate alama sawa na ndugu yake wa kiume, hali jioni yeye ndiye achotaye maji na kupika. Akishindwa, huitwa mvivu. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Haifai mzazi anyamaze, kwa maana mtoto asiyetazamiwa lolote hulegea upesi. Lakini kabla ya kuchagua, mzazi, mtoto na mwalimu na wakae pamoja. Mwalimu aeleze kazi ambayo mtoto huifanya vema. Mtoto aseme alipendalo bila hofu. Mzazi naye aeleze kwa kweli uwezo wa nyumba yake. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa wavulana na wasichana, na saa ya kusoma na saa ya kucheza zijulikane. Njia iliyochaguliwa hivyo, mtoto ataifuata kwa moyo wake mwenyewe.